DARASA LA MWANANCHI: KILOMITA NYINGI KWA TANGI MOJA LA GARI DOGO

Visiwa vya Unguja na Pemba havina kisima kinachotoa mafuta wala mtambo wa kuyasafisha. Kila lita ya petroli inayotiwa katika gari hapa visiwani imeletwa kwa njia ya bahari, na imenunuliwa nje kwa fedha za kigeni kabla ya kufika kituoni. Bei yake hutangazwa kila mwezi na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati Zanzibar (ZURA), nayo hupanda na kushuka kwa kufuata bei ya soko la dunia, gharama za usafirishaji na thamani ya shilingi. Juu ya hayo yote mwenye gari hana amri. Lililo chini ya amri yake ni jambo moja tu, nalo ni idadi ya kilomita anazozipata katika kila lita aliyoilipia.

Tangi la gari dogo aghalabu huchukua lita 35 hadi 45. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita humaliza lita 40 baada ya kilomita 480. Gari lile lile, likiendeshwa kwa utaratibu na kutunzwa vyema likafikia kilomita 15 kwa lita, litakwenda kilomita 600 kwa lita hizo hizo 40. Tofauti ni kilomita 120, kiasi cha safari ya kutoka mjini hadi Nungwi na kurudi. Makala haya yanaeleza namna tofauti hiyo inavyopatikana, na karibu mambo yote yatakayotajwa hayahitaji kununua kitu.

KUPIMA KABLA YA KUPUNGUZA

Watu wengi wenye magari hujua fedha walizotoa kituoni, lakini hawajui gari lao linakwenda kilomita ngapi kwa lita. Asiyepima hawezi kujua kama amepunguza. Njia ya kupima ni nyepesi, nayo inahitaji kalamu na daftari dogo la kukaa ndani ya gari.

Kwanza, tangi lijazwe mpaka pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, na isiongezwe tena. Kilomita zinazoonekana katika saa ya gari ziandikwe. Pili, gari litumiwe kama kawaida mpaka petroli ipungue vya kutosha. Tatu, tangi lijazwe tena kwa namna ile ile, ikiwezekana katika kituo kile kile, na ziandikwe lita zilizoingia pamoja na kilomita mpya. Kilomita zilizotembewa zigawanywe kwa lita zilizoingia.

Uchukuliwe mfano wa gari lililojazwa saa yake ikionesha kilomita 41,250, kisha likajazwa tena saa ikiwa 41,610. Limetembea kilomita 360. Ikiwa lita zilizoingia ni 30, basi gari hilo linakwenda kilomita 12 kwa lita. Hesabu hiyo irudiwe angalau mara tatu, kwa kuwa mara moja yaweza kudanganya. Likishapatikana kadirio la kuaminika, kila badiliko atakalolifanya dereva litaonekana katika daftari, na kila ubovu unaoanza ndani ya injini utajulikana mapema kabla haujawa gharama kubwa.

PETROLI INAKWENDA WAPI

Inafaa ieleweke kwamba injini ya petroli haina uwezo wa kuitumia nguvu yote iliyomo ndani ya mafuta. Katika kila lita 4 zinazounguzwa, nguvu ya lita 1 hivi, na pengine pungufu, ndiyo inayofika katika magurudumu. Iliyobaki hutoka kama joto kupitia rejeta na bomba la moshi. Hicho kidogo kinachofika magurudumuni nacho kina maadui watatu, nao ni breki, upepo na msuguano wa matairi. Dereva anayewajua maadui hao ameshapata nusu ya darasa.

Adui wa kwanza, ambaye ni breki, ndiye mkubwa katika mwendo wa mjini. Gari la kilo 1,000 likiondoka mahali liliposimama mpaka kufikia kilomita 60 kwa saa, hutumia kiasi cha mililita 20 za petroli kwa ajili ya kupata mwendo huo peke yake. Hicho ni kiasi cha vijiko vinne vya chai. Dereva akipiga breki mpaka gari likasimama, vijiko hivyo vinne vimegeuka joto katika breki na havirudi tena. Anayefanya hivyo mara 50 amemwaga lita nzima. Aliyefikia kilomita 80 kwa saa ndipo akapiga breki amemwaga karibu vijiko saba kwa mara moja, kwa sababu nguvu inayohitajika haiongezeki sawa na mwendo, bali huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo huo.

MGUU WA DEREVA

Kutokana na hayo, kanuni ya kwanza ya kubana petroli ni kutazama mbali. Dereva anayetoka Mwanakwerekwe kuelekea Darajani asubuhi huona mbele yake msururu uliosimama, kipilefti chenye magari, tuta la barabarani au mtoto wa skuli anayetaka kuvuka. Dereva mwenye pupa hukanyaga mafuta mpaka afike pale, kisha hukanyaga breki. Dereva mwenye busara huondoa mguu mapema, gari likapungua lenyewe, na mara nyingi anapofika pale njia imeshafunguka. Wote wawili hufika kazini kwa wakati unaokaribiana, lakini mmoja wao ameacha petroli yake njiani. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na katika jambo hili baraka inapimika kwa lita.

Kanuni ya pili ni kuondoka kwa utulivu na kubadilisha gia mapema. Katika gari la gia za mkono, injini isiachwe ipige kelele katika gia ndogo. Gia ya juu iingizwe mara gari linapoweza kuichukua bila ya kutetema. Katika gari linalobadilisha gia lenyewe, mguu mwepesi juu ya pedali ndio unaoliruhusu kupanda gia upesi.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Magari mengi ya zamani yaliyotumika Japani yana kitufe pembeni mwa rungu la gia kinachozuia gia ya juu kabisa. Kikibonyezwa, taa yenye maandishi O/D OFF huwaka mbele ya dereva. Kwa kuwa vitabu vya magari hayo huwa vimeandikwa Kijapani au havikuja kabisa, wapo madereva waliotembea miezi mingi na taa hiyo ikiwaka, huku injini ikizunguka kupita haja katika barabara kuu. Katika safari ya kawaida taa hiyo inapaswa iwe imezimwa.

MWENDO WA BARABARA KUU

Nje ya mji adui mkubwa ni upepo. Gari likitoka kilomita 80 kwa saa kwenda 100, nguvu ya upepo unaolizuia huongezeka kwa zaidi ya nusu. Mwendo umeongezeka kwa robo tu, lakini kizuizi kimeongezeka maradufu ya robo hiyo. Jambo hili lilijulikana vyema wakati wa msukosuko wa mafuta wa mwaka 1973, pale bei ya pipa ilipopanda kutoka kiasi cha dola 3 hadi karibu dola 12 mwanzoni mwa mwaka 1974. Marekani, nchi yenye magari mengi na barabara ndefu, iliweka sheria mwaka huo huo kwamba gari lisizidi maili 55 kwa saa, yaani kiasi cha kilomita 88, kwa madhumuni ya kubana mafuta. Sheria hiyo iliendelea mpaka mwaka 1995.

Barabara za visiwani ni fupi. Katika safari ya kilomita 30, anayekwenda wastani wa kilomita 60 kwa saa hufika kwa dakika 30, na anayekwenda wastani wa 75 hufika kwa dakika 24. Dakika sita hizo ndizo zinazonunuliwa kwa petroli ya ziada, kwa breki zinazochakaa upesi, na kwa hatari juu ya watoto, wapanda baiskeli na mifugo iliyo kando ya njia. Kwa gari dogo, mwendo wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa, pale alama za barabarani zinaporuhusu, ndio wenye manufaa zaidi.

VILIMA VYA PEMBA

Katika barabara zenye vilima na mabonde, kama ile itokayo Chake Chake kwenda Mkoani, ipo desturi ya kutoa gia wakati wa kuteremka ili gari liserereke katika nyutro. Wanaofanya hivyo hudhani kuwa wanabana mafuta. Desturi hiyo ni ya hatari, na kwa magari mengi ya sasa haina faida yoyote. Magari yenye nozeli zinazoendeshwa kwa kompyuta hukata petroli kabisa pale dereva anapoondoa mguu wakati gari liko ndani ya gia na linateremka kwa kasi. Akitoa gia, kompyuta hulazimika kupeleka petroli ili injini isizimike. Kwa hivyo anayeserereka katika nyutro anatumia petroli zaidi kuliko anayeteremka ndani ya gia, tena amejinyima msaada wa injini katika kulizuia gari, na breki zake zinapata moto. Kuzima injini mteremkoni ni hatari kubwa zaidi, kwani usukani huwa mzito na breki hupoteza msaada wake.

Wakati wa kupanda, inatosha kuongeza mwendo kidogo kabla ya kilima kuanza, na kuliacha gari lipungue kiasi kileleni, kuliko kulilazimisha lipande kwa kasi ile ile.

INJINI INAYONGURUMA MAHALI PAMOJA

Gari lililosimama na injini inafanya kazi linakwenda kilomita sifuri kwa lita. Injini ndogo hutumia baina ya nusu lita na karibu lita moja kwa saa katika hali hiyo, na huzidi hapo kiyoyozi kikiwashwa. Hali hii huonekana bandarini Malindi wageni wanaposubiriwa kuteremka melini, nje ya skuli wakati wa kutoka watoto, na mbele ya maofisi. Mwenye kungojea kwa dakika 15 kila siku ya kazi, injini ikila lita 0.8 kwa saa, hupoteza lita 4.4 katika siku 22. Ikiwa kusubiri kutazidi dakika moja, na gari liko mahali pa salama nje ya msururu, injini izimwe. Kuiwasha tena hakuli mafuta mengi kama inavyodhaniwa. Wala hakuna haja ya kuipasha moto injini kwa muda mrefu asubuhi katika hali ya hewa ya visiwani. Nusu dakika inatosha, kisha gari liondoke taratibu.

Kuhusu kiyoyozi, katika gari dogo mzigo wake huonekana zaidi kwa vile injini yenyewe ni ndogo. Katika mwendo wa polepole wa mjini ni bora kufungua madirisha. Katika mwendo wa kasi madirisha yaliyo wazi hukamata upepo na kulivuta gari nyuma, kwa hivyo hapo kiyoyozi hakina ubaya mkubwa. Gari lililochomwa na jua lifunguliwe milango kwanza ili joto litoke. Na likiegeshwa, litafutiwe kivuli cha mkungu au mwarubaini. Kivuli cha mnazi kiachwe, kwani nazi haichagui kioo.

MATAIRI NA MIZIGO

Upepo wa matairi upimwe angalau mara moja kwa mwezi, asubuhi kabla ya gari kutembea. Kiwango kinachotakiwa kimeandikwa katika kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na kwa magari mengi madogo huwa kiasi cha pauni 30 hadi 35. Tairi lililopata moto huonesha upepo mwingi kuliko hali yake, kwa hivyo lisipunguzwe wakati huo. Tairi lenye upepo mdogo huongeza matumizi ya petroli kwa kiasi kisicho kikubwa, lakini pia huliwa pembeni na huweza kupasuka. Hasara ya tairi moja ni kubwa kuliko ya petroli ya mwezi.

Keria ya juu iondolewe ikiwa haina kazi, kwani hukamata upepo hata ikiwa tupu. Buti lisigeuzwe ghala. Kila kilo 50 zisizo na haja huongeza matumizi kwa kiasi cha asilimia moja, na kwa gari dogo huweza kuzidi hapo.

YANAYOPASWA KUANGALIWA GEREJI

Gari bovu haliponi kwa uendeshaji mzuri. Plagi zilizochakaa zibadilishwe. Chujio la hewa lisafishwe au libadilishwe kwa wakati, hasa kwa magari yanayopita njia za vumbi; katika magari ya zamani yenye kabureta, chujio lililoziba huongeza matumizi moja kwa moja. Oili ya injini iwe ya namba iliyotajwa na mtengenezaji, kwani oili nzito kupita kiasi huipa injini kazi ya bure. Taa ya injini ikiwaka isifunikwe wala kupuuzwa, kwa sababu kifaa kimoja kidogo cha kupima moshi kikiharibika, gari huweza kula petroli kupita kiasi bila ya dereva kuhisi ubovu mwengine.

Breki zinazokamata nazo hula mafuta kimyakimya. Baada ya safari fupi, mkono usogezwe karibu na kila gurudumu bila ya kuligusa. Gurudumu lenye joto kuliko mengine lina breki isiyoachia, na lipelekwe kwa fundi.

Jambo la mwisho la gereji ni themostati. Mafundi wengine huiondoa kwa hoja kwamba nchi ni ya joto na gari litachemka. Hoja hiyo si sahihi. Kazi ya themostati ni kuiwezesha injini kufikia joto lake la kazi upesi na kubaki hapo. Ikiondolewa, injini hubaki baridi kwa muda mrefu, kompyuta huendelea kuongeza petroli, na injini huchakaa. Gari linalochemka litafutwe sababu yake, kama vile rejeta iliyoziba, maji yanayovuja au feni isiyozunguka.

IMANI ZISIZO NA MSINGI

Wapo wanaouza vidonge vya kutia tangini, sumaku za kufunga katika bomba la mafuta na vifaa vya namna hiyo, kwa ahadi ya kupunguza matumizi kwa robo au nusu. Idara ya Hifadhi ya Mazingira ya Marekani imevichunguza vifaa zaidi ya 100 vya aina hiyo, na haikuona hata kimoja kinachopunguza matumizi kwa kiasi kikubwa. Kadhalika, petroli ya daraja la juu haina faida kwa gari ambalo mtengenezaji wake hakuitaka. Na petroli ya kwenye chupa inayouzwa kando ya barabara haina uhakika wa kipimo wala usafi, tena ni hatari ya moto.

AKIBA NA SAFARI

Kubana mafuta hakuna maana ya kuliacha tangi likauke. Petroli kidogo iliyobaki chini huchukua taka, na pampu iliyomo ndani ya tangi hupozwa na mafuta yenyewe. Lipo na jambo zito zaidi. Katika vijiji vingi gari dogo la jirani ndilo linalompeleka hospitali mama mjamzito usiku wa manane, na kituo cha mafuta aghalabu hakiko karibu. Robo ya tangi ibakie daima. Petroli iliyopotea mchana mbele ya ofisi ndiyo inayokosekana usiku huo.

Safari nazo zipangwe. Injini baridi hula petroli zaidi katika kilomita zake za mwanzo, kwa hivyo sokoni, benki na dukani kwa safari moja ni nafuu kuliko safari tatu. Na hakuna ubanaji unaoshinda kuchukuana. Watumishi watatu wa mtaa mmoja wanaokwenda kazini kwa gari moja, wakipokezana kwa wiki, wamepunguza matumizi yao kwa theluthi mbili kabla hata ya kugusa pedali.

Madereva wa magari ya Serikali wanakumbushwa kwamba petroli wanayoitumia ni amana ya wananchi. Daftari la safari lijazwe kila siku, na mkuu wa kitengo alinganishe kilomita na lita kila mwisho wa mwezi. Gari lililokuwa likienda kilomita 12 kwa lita likashuka hadi 9 lina ubovu, au petroli yake haiishii ndani ya tangi lake. Yote mawili yanahitaji kushughulikiwa.

HESABU YA KUMALIZIA

Mtumishi anayekaa kilomita 30 kutoka mjini hutembea kilomita 60 kwa siku, yaani kilomita 1,320 katika siku 22 za kazi. Kwa kilomita 12 kwa lita anahitaji lita 110. Kwa kilomita 15 kwa lita anahitaji lita 88. Ameokoa lita 22 kwa mwezi, na lita 242 katika miezi 11 ya kazi. Msomaji azidishe lita hizo kwa bei iliyotangazwa mwezi huu, kisha ailinganishe jumla yake na ada za skuli, gunia la mchele au deni la dukani. Haba na haba hujaza kibaba.

Wananchi na watumishi wote wanashauriwa kuanza kwa kununua daftari, kupima tangi tatu za mwanzo bila ya kubadilisha chochote, kisha kufuata maelezo haya kwa tangi tatu zitakazofuata. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo itakayomwambia kila mmoja kiasi alichokuwa akikipoteza.